Kwa nini swali la madarasa linajibiwa na TAMISEMI

Ndugu, umeuliza kwa nini mbunge aliulizia madarasa bungeni halafu akasimama Naibu Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), wakati Wizara ya Elimu ipo. Hapo hakuna aliyekwepa. Shule za msingi na sekondari za serikali zinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI. Wizara ya Elimu inashika sera, mitaala, uthibiti ubora na vyuo vikuu. Ukitaka kujua mtaala mpya unaanza lini, muulize Waziri wa Elimu. Boma la darasa lililoishia kwenye lenta litaezekwa lini, ni huyu mwingine.

Ila sikiliza jibu lenyewe kwa makini. Ukisikia "kadiri ya upatikanaji wa fedha", ujue hakuna shilingi iliyotajwa. "Zimetengwa katika mwaka huu wa fedha" afadhali, ingawa kutengwa si kutolewa (wengi tunaumia hapo). Swali la msingi, yaani lile la kwanza la mbunge, hupelekwa mapema kwa maandishi, kwa hiyo jibu lake huja limepikwa na wataalamu, waziri anasoma tu. Utamu uko kwenye yale maswali mawili ya nyongeza yanayofuata baada ya jibu. Mbunge mjanja hapo ndipo anataja kata, anataja shule, anadai tarehe.

Na diwani wako usimsahau. Bajeti ya halmashauri inapita kwenye baraza lao la madiwani kabla haijafika Dodoma, sasa muulize kama hilo boma lenu aliliweka humo.