Majilio Kanisani: Maswali Yenu Kuhusu Ibada, Sadaka na Ushirika

Novemba inapokaribia kwisha, barua kuhusu Majilio, yale majuma ya kuingoja Krismasi, huanza kunifikia, nyingine za upole na nyingine zikiwa na hasira iliyokaa mwaka mzima. Nimechagua chache kati ya zile zinazofanana, nimezifupisha na kuondoa majina ya waandishi, na ninazijibu nikiwa mchungaji katika Kanisa la Kipresbiteri, nikijua kwamba baraza lenu la wazee linaweza kuwa na utaratibu wake ambao mnapaswa kuuheshimu.

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi na hakuwahi kuona mishumaa ikiwashwa mbele ya waumini. Siku hizi tunawasha minne. Je, Majilio si mambo ya Wakatoliki na Waanglikana?

Asifiwe sana. Babu yako alikuwa Mpresbiteri wa kweli, na shaka yako ina mizizi mirefu. John Knox, kiongozi wa matengenezo ya kanisa, na wenzake walipoandika Kitabu cha Kwanza cha Nidhamu huko Uskoti mwaka 1560, waliifuta Krismasi pamoja na sikukuu nyingine kwa hoja moja, kwamba Maandiko hayakuziamuru. Mwaka 1640 Bunge la Uskoti liliondoa mapumziko ya Krismasi, na mwaka 1645 Mwongozo wa Ibada ulioandaliwa na Baraza la Westminster, mkutano wa wanatheolojia huko London, ulisema kwamba sikukuu zisizo na msingi katika Neno la Mungu zisiendelee, na kwamba siku ya kutakaswa ni siku ya Bwana peke yake. Msimamo huo ulizama katika maisha ya watu kiasi kwamba Krismasi haikuwa siku ya mapumziko ya umma Uskoti hadi mwaka 1958.

Hata hivyo, hiyo ni nusu tu ya habari. Ndugu zetu wa Uswisi, katika Ungamo la Pili la Helvetia, tamko lao la imani lililochapishwa mwaka 1566, waliyaruhusu makanisa kukumbuka kuzaliwa, kuteswa, kufufuka na kupaa kwa Bwana, mradi yafanye hivyo kwa uhuru wa Kikristo. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti ulilipokea ungamo hilo mwaka huohuo, ukakataa kipengele hicho cha sikukuu. Basi tangu mwanzo jamaa yetu ya imani imekuwa na maoni mawili juu ya jambo hili, na walioyarudisha Majilio baadaye hawakuiba kitu cha jirani, bali walichukua upande wa pili wa mazungumzo yaliyokuwa ndani ya nyumba yetu wenyewe. Kosa ambalo Knox aliliogopa ni kuilazimisha dhamiri ya mtu mahali ambapo Mungu hajailazimisha, na mimi pia ninaliogopa. Mzee wa kanisa asiyetaka kuwasha mshumaa asiandamwe, na anayeuwasha asiitwe mwasi. Paulo alikwisha kulisema hilo katika Warumi 14.

Kuhusu taji lenyewe la mishumaa, huenda utashangaa kwamba si la zamani sana na halikuanzia kwa Wakatoliki. Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri huko Hamburg, Ujerumani, alikuwa akiendesha makao ya watoto maskini, na mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Jumapili, ili watoto waliokuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika waweze kujihesabia wenyewe. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya watoto wasio na chochote hakiwezi kumtisha Mpresbiteri, ingawa nakiri kwamba nimeona makanisa yakitumia muda mrefu zaidi kubishana juu ya rangi ya mishumaa kuliko kuwaombea watoto wa namna hiyo.

Majilio huanza lini hasa, na kwa nini mshumaa mmoja ni wa rangi ya waridi?

Huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, na kwa kuwa Krismasi huangukia siku tofauti za juma, mwanzo wake husogea kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Mwaka 2026 ni tarehe 29 Novemba. Mshumaa wa waridi ni wa Jumapili ya tatu, Jumapili ya furaha, inayopunguza kidogo uzito wa zambarau, rangi ya mishumaa mingine mitatu. Kama mna minne ya rangi moja, iwasheni hiyohiyo wala msinunue mingine.

Mimi ni kiongozi wa kwaya. Tumefanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi tangu Septemba, lakini mchungaji wetu anataka tuziimbe kuanzia tarehe 24 tu, na Jumapili ya kwanza alihubiri juu ya mwisho wa dunia! Je, hii ni haki?

Ninakuhurumia, kwa maana ninajua kwaya inavyochoka ikiuficha wimbo ulioiva. Lakini mchungaji wako hajabuni mambo. Katika mpango wa masomo wa miaka mitatu ambao makanisa mengi ya Kipresbiteri huufuata, Jumapili ya kwanza ya Majilio huzungumzia kurudi kwa Bwana. Katika mwaka ambao Injili ya Mathayo ndiyo inayosomwa, kwa mfano, husomwa sura ya 24, mahali Yesu anaposema habari za siku za Nuhu, watu wakila na kunywa bila kujua lolote. Jumapili ya pili na ya tatu ni za Yohana Mbatizaji, na Mariamu na Yusufu huingia Jumapili ya nne. Majilio yana macho mawili, moja linalotazama nyuma hadi Bethlehemu na jingine linalotazama mbele, na ukiimba kwamba mtoto amezaliwa tangu Jumapili ya kwanza, hilo la pili umelifumba.

Pamoja na hayo, ningemshauri mchungaji mwenzangu alegeze kamba kidogo. Zaburi nyingi ni za watu wanaongoja, na Wapresbiteri tuliimba zaburi karne nyingi kabla ya kuzoea nyimbo za Krismasi. Itengenezeeni mojawapo sauti nne, muiimbe polepole Jumapili tatu za kwanza. Kisha mwombeni awape nafasi ya nyimbo za Krismasi Jumapili ya nne, na vilevile Jumapili inayofuata Krismasi, ambapo makanisa mengi huachwa na viti vitupu na kwaya iliyoenda likizo, ilhali huo ndio wakati wake halisi.

Nilipoteza kazi mwezi Agosti. Mwezi huu kuna zaka, ahadi ya mwaka niliyoiandika Januari, sadaka ya shukrani na sadaka maalumu ya Majilio, na majina ya waliokamilisha ahadi husomwa mbele ya waumini. Nimeanza kukaa nyumbani Jumapili. Je, nimefanya dhambi?

Barua hii niliisoma mara tatu, na nimekaa nayo kuliko nyingine zote.

Hujafanya dhambi kwa kukosa fedha. Paulo, alipokuwa akiwahimiza Wakorintho wachangie watakatifu wa Yerusalemu, aliandika katika 2 Wakorintho 8 kwamba penye nia, kutoa hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, wala si kwa kadiri ya asicho nacho. Ahadi uliyoiandika Januari uliiandika kwa kutazama mshahara wa Januari. Nenda kwa mzee wa kanisa anayehudumu eneo lako, au kwa mchungaji, umweleze kwamba hali imebadilika na kwamba ahadi ile huiwezi mwaka huu. Hiyo ni taarifa, wala huhitaji kuomba radhi. Mzee mwenye busara atakuuliza swali moja tu baada ya hapo: nyumbani mnaendeleaje?

Sasa neno kwa mabaraza ya wazee, kwa maana barua hii ni yenu kuliko yake. Kusoma majina ya waliomaliza ahadi ni kusoma pia, kwa ukimya, majina ya wasiomaliza, na kila mtu aliyeketi pale anajua kuhesabu. Bwana alisema mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume. Sisi tumeweka kipaza sauti kati ya mikono hiyo miwili. Nimesikia hoja kwamba bila kusoma majina makusanyo hushuka. Huenda yakashuka. Lakini kanisa lililomfukuza mtu asiye na kazi katika msimu wa kumngoja yeye aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yetu limepata hasara ambayo haionekani katika taarifa ya fedha. Na tunapomhubiri yule mjane wa senti mbili katika Marko 12, tuanzie aya mbili nyuma, mahali Bwana anapowakemea waalimu wanaokula nyumba za wajane, kwa maana mara nyingi tunamsifu mjane ili tusisikie karipio lile.

Kama unatafuta andiko la kutoa linaloufaa msimu huu, lipo katika Luka 3. Umati unamuuliza Yohana, tufanye nini basi? Naye hawaambii walete kitu hekaluni. Anamwambia mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, anawaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari watosheke na mishahara yao. Kwa muumini anayeajiri watu, kuwalipa haki yao kabla ya sikukuu ni utoaji wa Majilio unaotangulia bahasha yoyote.

Jumapili ijayo, rudi kanisani. Kapu likikufikia na huna kitu, lipokee, lipitishe kwa jirani, na uendelee kuimba.

Mimi ni mweka hazina. Tulitangaza sadaka ya Majilio kwa ajili ya wahitaji, ikapatikana kubwa kuliko tulivyotarajia. Baadhi ya wazee wanataka sehemu yake iende kwenye ukarabati wa paa linalovuja. Nifanye nini?

Fedha zilizotolewa kwa ajili ya wahitaji ni za wahitaji, hata paa likivuja juu ya kichwa cha mweka hazina. Mtoaji aliposikia tangazo aliweka mkono mfukoni kwa neno hilo, nanyi mnadaiwa neno hilo. Kama mahitaji yaliyopo yametimizwa na kumebaki salio, liwekwe katika mfuko wa wahitaji lisubiri, kwa maana Januari kwa kawaida huwa na wahitaji wengi kuliko Desemba, au baraza lirudi kwa waumini waziwazi na kuomba ridhaa yao. Paa litangaziwe sadaka yake.

Mambo ya utaratibu unayajua, lakini nitayataja kwa ajili ya wageni katika kazi hiyo: fedha zihesabiwe siku hiyohiyo na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja, waandike kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, watie sahihi, na karatasi hiyo isiandikwe kwa penseli. Ugawaji ni kazi ya mashemasi ambao Yohana Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa, aliwatofautisha huko Geneva katika aina mbili, waliotunza mali ya maskini na waliowahudumia kwa mikono yao wenyewe. Aina ya pili ndiyo inayojua ni nani anayehitaji blanketi na ni nani anayehitaji dawa. Wasiwapange wahitaji mstari mbele ya kanisa kwa ajili ya picha.

Mume wangu alifariki mwezi Mei. Watu wa ushirika wetu wa nyumbani ni wema, lakini kila mmoja ananiambia nifurahi kwa kuwa Krismasi inakuja. Sitaki kufurahi. Je, nijitenge hadi Januari?

Pole sana, mama. Usijitenge, na pia usijilazimishe. Katika misimu yote ya kanisa, Majilio ndiyo yanayokufaa zaidi mwaka huu, kwa maana ibada yake huanza gizani, na maneno yake ni ya watu wanaouliza, Bwana, hata lini? Walio karibu nawe wameruka moja kwa moja hadi kwenye furaha kwa sababu huzuni yako inawatisha kidogo. Wasamehe, kisha umtume mtu mmoja unayemwamini awaambie waache.

Nakumbuka ibada moja ambapo mshumaa wa kwanza uliwashwa na mzee aliyekuwa amemzika mkewe majuma machache kabla. Njiti mbili zilimzimikia mkononi. Mtoto wa miaka kama saba alitoka kitini bila kuitwa, akamshikia kibiriti, yule mzee akawasha njiti ya tatu, na waumini wote tulikaa kimya hadi utambi uliposhika. Hakuna aliyehubiri vizuri kuliko hapo siku ile, mimi nikiwemo.

Kwa viongozi wa ushirika: baadhi ya makanisa hufanya ibada fupi ya jioni kwa waombolezaji siku chache kabla ya Krismasi, yenye usomaji, ukimya na maombi kwa majina ya waliotutangulia, bila kwaya na bila mchango. Haigharimu kitu. Na mnapomtembelea mjane, kaeni naye nusu saa bila kumpa ushauri.

Jumapili ya nne ya Majilio ikiangukia tarehe 24 Desemba, tufanye ibada moja au mbili? Watu wetu hawapendi kuja mara mbili.

Ilitokea mwaka 2023 na itatokea tena mwaka 2028, kwa hiyo baraza lenu lina muda wa kujadiliana. Kwangu mimi ni mbili: asubuhi ni Majilio, na mshumaa wa nne huwashwa hapo, jioni ni mkesha, na hapo ndipo huwashwa mshumaa mweupe wa katikati ya taji, kwa makanisa yaliyo nao. Fanyeni ya asubuhi kuwa fupi. Na yule anayefungua milango na kupanga viti, aulizwe mapema kama anaweza kuja mara mbili, kwa maana mara nyingi huwa ni mtu yuleyule.