Re: Kwa nini Edmonton hawakumshusha tu Campbell wakabaki na hela yao?

Mkuu, walimshusha. Novemba 2023, baada ya mechi tano tu, Jack Campbell, kipa wa timu hiyo ya hoki ya barafu ya Kanada, alipelekwa Bakersfield, timu yao ya ligi ya chini. Tatizo ni kwamba ligi kuu, NHL, inaiwekea kila timu kikomo cha jumla ya mishahara, na haifuti mshahara wote kwenye hesabu hiyo ukimficha mchezaji huko. Kwenye hesabu ya kikomo alikuwa dola milioni 5 kwa msimu. Msamaha ulikuwa milioni 1.15, hivyo milioni 3.85 zikaendelea kuwabana na kipa mwenyewe hayupo golini. Uchungu huo!

Kumuuza? Nani amchukue kipa aliyeporomoka, mkataba ukiwa bado na miaka mitatu, bila kudai apewe na kitu kingine juu yake? Hata wangekubali kubaki na nusu ya mshahara, kisheria mwisho ni hiyo nusu.

Ndiyo maana Juni 2024 waliuvunja mkataba. Unalipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, kwa miaka mara mbili ya iliyobaki. Kwenye hesabu ya kikomo inakuwa msimu wa kwanza milioni 1.1, halafu 2.3, kisha 2.6, halafu 1.5 kila msimu hadi 2030. Mimi ningefanya vilevile: nafasi chini ya kikomo waliihitaji wakati ule, nyota wao McDavid akiwa kwenye ubora wake.