Kabla hujailipia hiyo kamera ya video, ipeleke chini ya taa

Wadogo zetu, kila msimu wa harusi ukikaribia tunaona yale yale. Kijana kadunduliza miezi kadhaa, kaingia Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, katoka na kamera iliyoandikwa 4K ubavuni, na Jumamosi ya kwanza tu anahangaika: sauti hakuna, picha ina mistari, kadi imejaa kabla keki haijakatwa. Inauma, maana hela hiyo hiyo ingetosha kununua kitu cha maana. Kamera nafuu zinazotoa HD safi zipo tele. Haichaguliwi kwa namba ya kwenye boksi. Inachaguliwa kwa matundu ya ubavuni na menyu ya ndani.

1. Namba ya boksi. Full HD ni 1920 kwa 1080, yaani pikseli (nukta za picha) milioni 2 na ushee. 4K ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Zile kamera ndogo zisizo na jina, zinazojitangaza 4K na megapikseli 48 kwa bei ya simu ya kawaida, mara nyingi sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, haifikishi hata hizo milioni 8. Programu ndiyo inavuta picha mpaka ijae. Zumu nayo jaribu hivi: ivute huku unatazama ndani ya lenzi. Usipoona kioo kikitembea, hiyo si zumu, picha inakuzwa tu na kuharibika. Full HD ya kweli inaishinda 4K ya kuchorwa, na kwa harusi, mahafali na mihadhara inatosha kabisa.

2. Umeme. Hapa ndipo wengi wameumia, wageni kwa wakongwe, kwa hiyo tulieni tulielewe.

Umeme wa Tanzania na Kenya ni Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Taa ya ukumbini inayokula umeme huo moja kwa moja hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, sensa inaona. Sasa kamera za mtumba zilizotoka Marekani, kwenye Hz 60, huwa zimepangwa fremu (picha kwa sekunde) 30 au 60 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/60. Ndani ya 1/60 ya sekunde, taa yetu inapiga pigo moja na theluthi mbili. Fremu hii inapata mwanga mwingi, inayofuata kidogo. Na kwa kuwa sensa husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, tofauti hiyo inajichora kama mikanda ya giza inayotembea usoni mwa bibi harusi. Weka shata 1/50, unapata mapigo mawili kamili. Weka 1/100, unapata moja kamili. Mikanda inatoweka, hata kama fremu zimebaki 30.

Ubaya wake ni kwamba dukani huioni. Muuzaji anakujaribishia mlangoni, kwenye jua. Ukumbini nako unatazama kioo cha inchi 3, na kila kitu kinaonekana sawa. Unakuja kuiona Jumapili usiku kwenye kompyuta, wakati maharusi wameshasafiri. Programu za kupunguza mpepeso huo wa mwanga zipo, lakini zinakula saa nyingi na mara nyingi zinaacha uso unaotembea ukiwa na ukungu. Na kiapo hakirudiwi.

Kwa hiyo ingia kwenye menyu kabla ya kutoa hela. Kamera za Canon EOS zina sehemu ya mfumo wa video. Toka NTSC (mfumo wa nchi za Hz 60), weka PAL (wa Hz 50), utapata fremu 25 na 50. Sony Alpha nyingi nazo zinabadilika, ila zitataka kufomati kadi, basi hamisha kazi kwanza. Tatizo ni zile kamkoda (kamera za video za mkononi) ndogo za soko la Marekani zilizofungwa kwenye NTSC: kama haina namna ya kuweka shata mwenyewe, irudishe mezani. Sony za soko la Japani pia angalia lugha, maana nyingi zina menyu ya Kijapani peke yake.

Umeme ukikatika na jenereta ikaingia, mikanda inaweza kurudi, kwa sababu jenereta haishiki Hz 50 sawasawa. Mzigo ukiongezeka inalegea. Hapo washa taa yako ya betri, isogeze karibu, izidi nguvu taa za ukumbi. LED rahisi za jukwaani zina mpigo wao wenyewe, kwa hiyo fika mapema, rekodi dakika moja kwa 1/50, nyingine kwa 1/100, zitazame kwenye laptopu.

3. Tundu la maiki. Canon 1300D, 2000D na 4000D hazina. Nikon D3500 haina. Sony a6000 haina, na kamkoda ya Sony HDR-CX405, pamoja na zumu yake nzuri ya 30x, haina. Canon 700D, 200D na M50 zinalo, Panasonic G7 pia, ingawa hakuna hata moja kati ya hizo nne yenye tundu la hedifoni: macho kwenye mita ya sauti, kilele kiishie karibu na -12 dB. Ukichukua sauti kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya DJ, pitisha kwenye kipunguzi cha sauti, la sivyo itapasuka.

4. Muda na kadi. Canon 550D na 60D hukata zikifika GB 4, kama dakika 12 hivi za Full HD. 700D hufungua faili jipya yenyewe lakini inasimama kwenye 29:59. Bonyeza upya wakati watu wanapiga makofi, usisubiri ikate katikati ya nasaha za baba. Kurekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde ni GB 22 na nusu kwa saa, piga hesabu ya kadi kwa hiyo. Nunua kadi yenye alama ya kasi ya V30, na kila kadi mpya ipime kwa H2testw (programu ya kompyuta ya kupima kadi) mpaka ijae, kwa sababu kadi feki ya GB 128 inaweza kuwa na GB 8 tu, na haitakwambia.

5. Lenzi. Ile 18-55 inayokuja na bodi (kamera yenyewe bila lenzi), ukiivuta mwisho inafika f/5.6; namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Punguza bei ya bodi uipate.

6. Mtumba wa pwani. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu unaotesha ukungu ndani ya vioo. Toa lenzi, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mbele: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, acha. Kioo cha kutazamia picha, kama ni cha kuzungushwa, kizungushe taratibu huku kimewaka. Kikizima kwenye pembe fulani, waya wake wa ndani umechoka. Funika lenzi, weka ISO (wepesi wa sensa kuona mwanga) 1600, rekodi, kisha tafuta nukta nyeupe au nyekundu zisizosogea. Halafu iache irekodi dakika 20 mfululizo palepale dukani. Muuzaji akikunjia uso, mnunulie soda, mwendelee kusubiri.