Re: Nimehamia ughaibuni, nianzie wapi?

Ndugu, pole na mzunguko huo: benki wanataka uthibitisho wa makazi, mwenye nyumba naye anataka akaunti ya benki. Anza na makazi. Omba mkataba, hata wa muda mfupi, wenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la kati likikosekana tu, dirishani wanakurudisha. Nchi nyingi hufuata usajili wa mkazi, kisha namba ya kodi, ndipo benki. Vyeti vya kuzaliwa na ndoa, kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Apostili wa 1961, unaofanya hati ya nchi moja itambulike nchi nyingine kwa muhuri mmoja uitwao apostili, vigongewe muhuri huo kabla familia haijakufuata. Kuufuatilia ukiwa mbali kunachosha mno. Na laini yako ya zamani usiifunge, namba za siri za benki ya nyumbani bado zinaingia huko.