Kitufe cha a kilikufa, laptopu ingali inanilisha

Juzi msomaji mmoja wa Wete kaniandikia: kitufe cha n kwenye laptopu yake hakiandiki, ripoti ya chuo inangojewa, na fundi kamwambia anunue mashine nyingine. Mdogo wangu, usinunue kitu. Maneno hayo niliambiwa mimi, tena mbele za watu.

Changu kilikuwa a. Mtoto wa dada yangu alimwaga juisi ya ukwaju juu ya kibodi; nikaifuta, nikaianika, vitufe vyote vikarudi ila hicho. Utasema herufi moja si kitu? Jaribu kuandika "mwanafunzi wa Zanzibar" bila ya a: mwnfunzi w Znzibr. Na kazi yangu hapa Chake Chake ni kuwachapia watu barua na ripoti. Nikapanda boti Mkoani hadi Unguja kwa nauli ya kukopa. Fundi akaigeuza mara moja tu, akasema kwa sauti, "Hii tupa." Wateja wakacheka. Kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Nimerudi nyumbani, usiku nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, maana natumia mfumo wa Linux badala ya Windows. Amri ya xev huonyesha namba ya kila kitufe unachobonyeza. Nikabonyeza Caps Lock, ikaja 66. Kitufe kikubwa, kimepakana na a, na miaka yote sikuwahi kukihitaji. Kazi ikawa kuandika amri zenyewe, kwani nazo zina a! Nikanakili a moja kutoka barua ya zamani, nikawa naibandika kila inapotakiwa:

xmodmap -e "clear Lock"
xmodmap -e "keycode 66 = a A"

Nikaandika baba, mama, salama, taratibu, mpaka adhana ya alfajiri. Wallahi nilitokwa na machozi.

Asubuhi nawasha mashine, nywila yangu ina a mbili, na Caps Lock imerudi kuwa Caps Lock. Mabadiliko ya xmodmap hayadumu mashine ikizimwa, na kwenye Wayland, mfumo mpya wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, usiyategemee. Nikaazima kibodi ya USB kwa jirani yangu, mwalimu wa skuli, nikaingia, nikalishughulikia jambo kwenye mzizi wake. Tengeneza faili /etc/udev/hwdb.d/90-kibodi.hwdb, uandike mistari miwili, wa pili uanze na nafasi moja (huku Caps Lock ni 3a, si 66 ya xev):

evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_3a=a

Kisha:

sudo systemd-hwdb update
sudo udevadm trigger

Hapo hata skrini ya nywila inakutii, na kibodi ya USB ukiichomeka haiguswi, inabaki ilivyo.

Vijana wenzangu, tumezoea kuamini kwamba mashine inajuliwa na fundi peke yake. Mashine ni yako, umeinunua kwa jasho. Anayekwambia uitupe, muulize amejaribu nini kwanza. Jaribu mwenyewe kabla ya kutoa hela, halafu jaribu tena.

Wewe wa Wete, n yako ipo chini karibu na kitufe cha nafasi, kwa hiyo Caps Lock itakutesa mkono. Mimi ningechukua Alt ya kulia, iliyo jirani nayo. Kama nawe unatumia Linux, mstari wako wa pili utakuwa KEYBOARD_KEY_b8=n, b8 ikiwa ndiyo hiyo Alt ya kulia. Azima kibodi ya USB leo, ufanye kabla ripoti haijachelewa.