Chai ya moto, sigara ya babu na karanga zenye ukungu: maswali yenu kuhusu kansa

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mama ntilie hapa Moshi, asubuhi nauza chai, supu na chapati. Kaka yangu tumemzika juzijuzi, kansa ya koo la chakula, na alikuwa hanywi pombe wala havuti, mlokole kabisa. Pale msibani mtu mmoja akasema ni chai ya moto ndo imemmaliza, tokea siku hiyo nikimimina chai naona kama nawapa watu sumu. Na wateja nao ukiwapa imepoa kidogo wanarudisha kikombe! Halafu kuna dada ananiuzia poda ya kusafisha mwili, elfu arobaini kopo, anasema inazuia kansa zote. Ninunue?
Mama wa Chai, Moshi

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa msiba. Nianze na poda maana hilo ndo jepesi: usinunue. Kusafisha mwili ni kazi ya ini na figo, zinaifanya kila siku bure, na elfu arobaini yako ni unga wa chapati huo.

Sasa chai. Aliyesema vile msibani hakutunga, ila alikosea kuisema kama vile ana uhakika, tena mbele ya wafiwa. Hakuna daktari anayeweza kukuambia kansa ya kaka yako ilitokana na nini hasa. Tunachojua ni kwamba kansa ya umio (hiyo njia ya chakula toka kooni hadi tumboni) ina ukanda wake huku kwetu, unaanzia Ethiopia unashuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini, na Kilimanjaro mko ndani yake. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema kunywa kitu cha moto kuzidi nyuzijoto 65 huenda kunasababisha kansa hiyo, na hapo watu huwa wanaelewa vibaya kwahiyo narudia, tatizo sio majani ya chai wala kahawa, ni ule moto wenyewe. Na kuna watafiti walipima joto la chai hukohuko Kilimanjaro kwa watu 188, matokeo yakatoka 2015, wakakuta kwa wastani watu wanaanza kunywa ikiwa na nyuzi 70 na kidogo, na ya maziwa ndo wanaipiga ya moto zaidi. Mi niliposoma hiyo nilicheka kidogo, maana nikienda ukweni huko napewa kikombe siwezi hata kukishika na wenzangu washamaliza.

Inavyofanya kazi ni hivi, ngozi ya ndani ya umio inaungua kidogo, mwili unaikarabati, kesho asubuhi unaiunguza tena, inakarabatiwa tena, miaka na miaka, na kila seli zinapojigawa kuziba kidonda kuna nafasi ya kukosea. Na ile ngozi iliyochubuka inapitisha kirahisi sumu nyingine, kama moshi wa sigara na pombe. Ndo maana mtu anayepiga gongo na sigara juu yake hatari yake inapanda kuliko ukihesabu kimoja kimoja. Hivyo viwili ushahidi wake ni mkubwa kuliko wa chai, ila kaka yako hakuwa navyo ndo maana sivikalii. Moshi wa kuni nao upo kwenye orodha ya vinavyoshukiwa, kwahiyo wewe unayekaa jikoni kutwa, kama bado unatumia mafiga, toboa ukuta moshi upate pa kutokea, au hamia gesi ukiweza.

Huna haja ya kuacha biashara wala kuuza chai baridi. Kule Golestan, kaskazini mwa Iran, ambako nako kansa hii ni nyingi, utafiti wa 2009 ulikuta waliokunywa chai kabla dakika 2 hazijaisha tokea imiminwe walikuwa na hatari mara 5 na zaidi kuliko waliosubiri dakika 4 au zaidi. Dakika chache tu! Kwahiyo mteja akikaa mmiminie chai kwanza, halafu ndo uanze kumpashia chapati, atakunywa bila kujua umempunguzia. Na visosi virudi mezani, wazee walikuwa wanamimina chai kwenye kisosi na sisi tukaona ushamba.

Ila mtu nyumbani akianza kulalamika ugali unakwama, nyama haipiti, anashushia na maji kila tonge, usimpe mafuta ya nazi wala usimwambie ni vidonda vya tumbo. Mpelekeni hospitali ya rufaa apigwe kipimo cha kamera mapema, maana wengi wanafika wakati hata uji haupiti tena.

SWALI: Dokta babu yangu ana miaka 88 anavuta sigara tangu ujana na yuko fiti, jirani yetu alikuwa anakimbia kila asubuhi anakula mboga za majani kafa na kansa ya utumbo ana 45. Sasa hayo mazoezi yana faida gani??
Kijana wa Mbeya

JIBU: Huyu babu namjua, kila familia inaye. Wenzake aliovuta nao wako wangapi leo? Kuna bodaboda kaendesha miaka 20 bila helmeti hajaanguka, utamwambia mdogo wako avue ya kwake? Mazoezi yanapunguza uwezekano wa kansa ya utumbo, hayaufuti, umri na urithi na bahati mbaya tu navyo vimo. Kuhusu sigara, Uingereza walifuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 kuanzia 1951 kwa miaka 50, wavutaji walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 hivi, aliyeacha akiwa na miaka 30 aliikwepa hasara hiyo karibu yote, aliyeacha na 50 aliokoa miaka kama 6. Wewe unavuta? Maana umeuliza kwa jazba.

SWALI: Karanga zikishika ukungu si nikizikaanga sana ile sumu inakufa? Huku Dodoma hatutupi chakula hovyo.
Dada wa Kongwa

JIBU: Haifi dada. Sumukuvu, yaani hiyo sumu inayotengenezwa na ukungu, inavumilia moto wa kikaango, na kuosha hakuiondoi. Dodoma na Manyara mnakumbuka 2016, watu kama 20 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, lakini hao ni waliokula nyingi kwa mkupuo. Ya kidogokidogo kila siku haikulazi kitandani, inakaa inaharibu ini mpaka linapata kansa, na ukiwa na homa ya ini B hatari inazidi mara nyingi. Kwahiyo kapime hiyo homa, na kama huna pata chanjo, watoto wa Tanzania walianza kupewa 2002 ila sisi wa zamani wengi hatukuipata. Karanga anikeni kwenye turubai sio chini, gunia liwe juu ya chaga, zilizosinyaa na zenye ukungu chambua utupe. Na usimpe ng'ombe wa maziwa ukidhani umeokoa kitu, sumu inapita kwenye maziwa.