Kabla hujasema "watu wasiende tena kule": niliyoyaona mtoto wa dada yangu alipopotea safarini

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alienda likizo na wenzake watatu kwenye kisiwa kimoja cha watalii, si hapa Kenya, na jina la kisiwa sitalitaja. Usiku wa tatu hakurudi hotelini. Ana miaka 23. Wenzake wakadhani kalala kwa marafiki aliowapata huko, wakangoja mpaka mchana, wakangoja mpaka magharibi, ndio wakapiga simu nyumbani, na dada akanipigia mimi manake nimefanya kazi za hoteli miaka 11 na yeye anaamini mtu wa hoteli hakosi kujua la kufanya. Polisi wa pale waliwaambia wale vijana mtu mzima akikosekana siku moja hiyo bado si kesi, rudini kesho. Hoteli ikasema kamera ya getini ni mbovu. Meneja akawaomba wasisimame simame pale mapokezi wanalia, wageni wengine wanaingiwa na hofu.

Dada aliniambia usiku ule, "nitahakikisha hakuna mtu atakanyaga tena kile kisiwa." Na mimi nilimuunga mkono kabisa, nilikaa na simu nikaandika posti ndefu yenye jina la hoteli, picha ya kijana, na maneno kwamba kila mwenye buking aifute, kila mwenye mpango wa kwenda aache. Nilikuwa nimeshaweka hata hashtegi. Halafu nikaisoma tena na nikakumbuka mwaka 2014, nikaiacha.

Walio Pwani wanajua 2014 ilikuwaje. Mwezi wa tano Uingereza ilitoa tahadhari kwa raia wake wasije, ila kwa safari ya lazima tu, kisiwa cha Mombasa na ufuo kuanzia Mtwapa mpaka Tiwi, kwa sababu ya mashambulizi yaliyokuwa yakitokea, na mashambulizi yalikuwa ya kweli, sisemi walikosea kuwaonya watu wao. Makampuni ya utalii yakaja na ndege za chata yakawabeba wageni mamia wakarudishwa kwao hata likizo hawajamaliza, na safari zikafutwa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja Diani. Diani haikuwemo kwenye ile tahadhari, Tiwi ndio mwisho, lakini mgeni aliye Ulaya hajui Tiwi ni wapi na Diani ni wapi, yeye kasikia Mombasa basi. Baada ya wiki tatu hivi tukaambiwa tukae nyumbani tutaitwa. Sikuitwa tena mpaka mwaka uliofuata.

Waliokaa nyumbani ni kina nani sasa? Ni mimi, ni mama wa londri aliyekuwa analipia watoto wawili sekondari, ni mvuvi aliyekuwa anatuletea pweza na changu kila asubuhi, ni kijana wa tuktuk, ni fundi aliyekuwa anashona mashati ya kitenge pale nje ya geti, mabichi boi ndio usiseme. Hakuna hata mmoja katika hao aliyekuwa na neno la kusema kuhusu usalama wa nchi. Wenye neno mishahara yao iliingia mwisho wa mwezi kama kawaida. Hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, ndio maana nilishindwa kuirusha ile posti hata nikiwa na hasira vile.

Kuna kesi moja ambayo mtu yeyote anayefikiria kususia mahali kwa sababu ya msafiri aliyepotea inafaa aijue, ni ya Natalee Holloway. Msichana wa miaka 18 kutoka Alabama, Marekani, alienda Aruba, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufalme wa Uholanzi, na wanafunzi wenzake zaidi ya 100 kusherehekea kumaliza sekondari, akapotea tarehe 30 Mei 2005, siku ambayo walikuwa warudi nyumbani. Pasipoti yake na mizigo iliyofungwa tayari vilikutwa chumbani. Mama yake, Beth, alifika Aruba siku hiyo hiyo na haikuchukua masaa mengi akawa na jina la kijana aliyeonekana naye mara ya mwisho, Joran van der Sloot, na akawapa polisi. Lakini waliokamatwa kwanza ni walinzi wawili wa zamani wa hoteli, ambao baadae waliachiliwa, na yule kijana na wenzake wawili wakakamatwa tarehe 9 Juni, siku kumi baada ya msichana kupotea. Jiweke pale kwa yule mama. Siku kumi na jina unalo. Mimi sina ubavu wa kumlaumu kwa lolote alilolisema baada ya hapo.

Novemba mwaka huo gavana wa Alabama, Bob Riley, akatangaza watu waisusie Aruba, akawaandikia na magavana wenzake, wa Georgia na Arkansas wakamuunga mkono. Serikali kuu ya Marekani haikuingia kwenye hilo. Waziri mkuu wa Aruba, Nelson Oduber, akasema huo ni upuuzi, kwamba wao si magaidi wala si tishio kwa mtu. Kumbuka Aruba ni kisiwa cha watu kama laki moja tu na maisha yao yote ni utalii, na wageni wao wengi ni Wamarekani hao hao.

Lakini wengi hawakumbuki mwanzo ulivyokuwa. Siku za kwanza watu wa Aruba walitoka kumtafuta yule msichana. Serikali iliwapa ruhusa maelfu ya wafanyakazi wake wasiende kazini wakatafute, wanajeshi wa Uholanzi nao wakaingia, watu wakatembea fukwe na vichaka. Halafu lawama zikaanza, kwenye televisheni za Marekani ikawa kila siku Aruba hivi Aruba vile, na kufika mwanzo wa Julai kuna watu kama 200 wa pale pale Aruba wakaandamana nje ya mahakama, wamekasirikia maneno ya mama, mabango yakisema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe, na kwamba waheshimu sheria zetu ama warudi kwao. Mama ikabidi aombe radhi. Ndani ya wiki tano kisiwa kilichokuwa kinamtafuta mwanao kimegeuka kinajitetea.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Ukitangaza kwamba mahali pote ni pabaya na watu wake wote wabaya, unafunga midomo ya wale wale ambao wanajua mwanao alipita wapi. Kwenye hoteli anayejua ni askari wa usiku, ni dada wa kusafisha vyumba, ni anayeuza madafu njia ya ufukweni. Meneja hajui chochote, usiku analala kwake. Na wale wadogo tayari wanaogopa kusema kwa sababu ya kazi. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa na mkubwa wangu mgeni mmoja alipochelewa kurudi kutoka matembezi, "usiongee na mtu wa nje," nikanyamaza, mgeni alikuja kupatikana salama asubuhi lakini hadi leo nikikumbuka ule usiku najisikia vibaya. Sasa mtu kama huyo umwongezee kwamba familia ya aliyepotea inataka hoteli ifungwe, atafungua mdomo saa ngapi?

Na ukweli kuhusu Natalee ulikuja kutoka wapi? Haukuja kwa sababu watalii walipungua. Mwaka 2010 van der Sloot alimdai mama dola 250,000 amwonyeshe mwili ulipo, akapewa 25,000 na habari zenyewe zikawa za uongo, akaondoka akaenda Peru, na tarehe 30 Mei 2010, miaka mitano kamili, akamuua msichana mwingine, Stephany Flores, kule Lima. Ile kesi ya kudai pesa ndiyo iliyomfikisha mahakama ya Alabama mwaka 2023, na katika makubaliano ya kukiri kosa ikabidi aseme alivyomuua Natalee ufukweni. Miaka 18. Mama hakuacha kufuatilia miaka yote hiyo na lile faili la kudai pesa ndilo lililompeleka van der Sloot mahakamani.

Hapa kwetu tunayo ya Julie Ward, tusijifanye haya ni mambo ya visiwa vya mbali. Mwingereza wa miaka 28, alikuja kupiga picha wanyama, akapotea Maasai Mara mwezi wa tisa 1988. Baba yake, John Ward, alikuja mwenyewe akakodi ndege za kutafuta, gari likaonekana, kisha mabaki ya mwili yaliyochomwa. Na wakubwa wa wakati ule wakashikilia kaliwa na wanyama, mpaka ripoti ya daktari ikabadilishwa maneno. Ni aibu yetu ile, niliisikia nikiwa mdogo na watu wazima walikuwa wanaiongea kwa kunong'ona. Yule mzee alikuwa na kila sababu ya kusema sikanyagi tena Kenya. Alikuja zaidi ya mara 100, akatumia karibu pauni milioni mbili. Maaskari wawili wa mbuga walishtakiwa wakaachiliwa 1992, mkuu wa mbuga naye akaachiliwa 1999, mwaka 2004 uchunguzi wa Uingereza ukathibitisha binti aliuawa. Haki kamili hakuipata, amefariki hajaiona. Lakini ule uongo wa simba na fisi aliuvunja yeye, kwa kuja na kuja na kuja.

Sasa turudi kwetu. Badala ya posti tulifanya hivi, na ndivyo ningekushauri na wewe. Mmoja wa wale wenzake watatu alirudi polisi usiku ule ule akakataa kuondoka bila namba ya ripoti, hapa tunaita namba ya OB na Tanzania wanasema RB, kila nchi wana jina lao lakini kitu ni kile kile, bila hiyo namba hakuna kesi na ubalozi nao hawana pa kuanzia. Usikubali hadithi ya ngoja masaa 24, hayo masaa ndiyo yenye thamani. Mwingine aliandika barua kwa mkono kwa meneja, akiomba rekodi za kamera zote zisifutwe, siyo ya getini tu, ya baa, ya maegesho, ya duka la jirani, kwa sababu kamera nyingi zinajifuta zenyewe baada ya siku chache na anayejua mambo ya hoteli anajua barua yenye tarehe na saa inamtia meneja wasiwasi kuliko kelele. Kadi ya mlango pia huwa inaacha rekodi, uliza iliingia mara ya mwisho saa ngapi. Dada akatuma picha ya karibuni na alama za mwilini, kovu la goti. Na nikamwambia wa tatu, usikae kwenye sofa za mapokezi, nenda mlango wa nyuma saa za kubadilishana shifti, salimia watu, onyesha picha, sema tunamtafuta ndugu yetu, usimlaumu mtu.

Mama mmoja wa usafi aliitazama ile picha akasema dada yake anafanya kazi ya kufagia hospitali ya wilaya na kuna kijana kaletwa hajitambui, ajali ya pikipiki, hana kitambulisho. Ndiye alikuwa yeye. Fuvu limepasuka, mguu umevunjika, siku mbili yuko pale kama mgonjwa asiyejulikana, na kituo cha polisi ni mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali. Dakika kumi! Hakuna aliyenyanyua simu.

Kwa hiyo sisemi ukae kimya, nani atakaa kimya na hilo. Kama mahali pana hatari ya kweli kwa msafiri, waonye watu waziwazi, onyo ni haki yako na ni wajibu, na kama unajua wanaotakiwa kulinda ndio wanaodhuru sema wasiende kabisa. Kususia ili kushinikiza ni kitu kingine, na ukiamua kususia basi lenga. Lenga ile hoteli iliyoficha kamera, ile kampuni iliyokana mteja wake, wala si kisiwa kizima na wauza madafu wake. Na sema unataka nini ili uache, kwa maneno mtu anayoweza kuyatimiza, na mpaka lini, kwa sababu "tunataka haki" peke yake hakuna wa kuitekeleza na hamtajua mmeshinda siku gani.

Sisi tuliandika barua mbili kijana alipotolewa hospitali. Kwa polisi tuliomba kila mtu akiripotiwa amepotea, hospitali zote za pale zipigiwe simu ndani ya saa moja. Kwa hoteli tuliomba watengeneze kamera na waache kuwafukuza mapokezi watu wanaolia, la sivyo tutaandika jina lao kwa kila anayetuuliza. Hoteli walijibu baada ya wiki sita, wametuma picha za kamera mpya. Polisi hawajajibu na dada anawaandikia tena kila mwezi, tarehe ile ile aliyopotea mwanawe, anaweka nakala kwa ubalozi na kwa wizara ya utalii ya kule.

Mwezi wa kumi na mbili anasafiri kwenda. Hatalala ile hoteli, hilo kakataa katakata, lakini ameshanunua leso mbili na kilo tatu za kahawa za kumpelekea yule mama wa usafi na dada yake wa hospitali, na kijana anataka aende naye japo mguu bado unamsumbua kwenye ngazi.